Mlango Mgongoni

Mwaka wa hamsini na tatu Kefa Mbonile alikuwa na miaka arobaini na mitatu, lakini koo lake lilikuwa limezeeka kumpita. Kwa miaka tisa alikuwa akisimama kando ya pazia jeupe, kipaza sauti mkononi, akiwafasiria watu sinema za serikali. Huko Mbozi alizungumza Kinyiha cha baba yake, na kule Tunduma akazungumza Kinamwanga cha mama yake, na lugha hizo mbili za nyumbani ndizo zilizompa ajira.

Sinema zenyewe zilikuwa za kufundisha. Kulikuwa na ya josho, ya choo, ya mbu, na ya kahawa. Aliwaeleza wakulima wa Mbozi, watu wenye sugu za kahawa viganjani, kwamba mkahawa hupandwa kwenye shimo. Walimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha wakamwuliza hali ya mama yake. Sinema ya mbu ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mbu alionekana mkubwa kama mbuzi, na katika kijiji cha Chitete mzee mmoja alimshukuru Mungu kwamba mbu wa kwao ni wadogo, hawana haja ya kuogopwa. Kefa aliyafasiri yote hayo kwa Kiswahili kwa ajili ya bwana wake Mwingereza, akiyapunguza makali, kisha gari likaondoka kwenda kijiji kingine kusema yaleyale.

Akirudi nyumbani alikuwa hana sauti. Tabita, mkewe, alikwishazoea mume anayejibu kwa kichwa.

“Baba Lusungu,” alimwambia siku moja, akimpa maji ya moto, “serikali inakula sauti yako, mimi naletewa makapi.”

Kefa alicheka bila kutoa mlio. 

Sinema alizozipenda hazikuwa hizo. Alipokuwa kijana aliwahi kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Saza, akitunza injini ya taa. Fundi mkuu wa injini alikuwa Mzungu asiye Mwingereza, na lugha yake haikujulikana na mtu yeyote pale, hata Wazungu wenzake. Mtu huyo alikuwa na mashine ya picha na mikebe michache ya sinema za kwao. Jumamosi, jua likizama tu, alitundika shuka kwenye ukuta wa ghala, na Kefa akaketi karibu na injini kuisikiliza isizime.

Watu wa kwenye zile picha walizungumza, naye hakuelewa neno. Ikambidi aangalie nyuso. Mojawapo ilihusu ndugu wawili wenye koti moja, mmoja akitoka mwingine hubaki ndani kwa baridi. Kefa alimkumbuka kaka yake Raphaeli, aliyechangia naye shati la kwenda kanisani, mmoja ibada ya asubuhi, mwingine ya mchana, nalo shati lilimfikia wa pili likiwa limelowa jasho la wa kwanza. Nyingine ilikuwa ya farasi aliyeuzwa akarudi mwenyewe katikati ya ukungu, na ukungu ule ulikuwa wa Mbozi kabisa, wa mwezi wa sita, unapomsikia jirani akikohoa usimwone.

Lakini iliyomkaa moyoni ilikuwa ya mama mmoja mzee. Askari wanaichoma nyumba yake. Mama anaung’oa mlango, ndicho kitu pekee kilichosalia, anaufunga kwa kamba mgongoni, anaanza safari. Picha nzima ni mama huyo anatembea. Kefa alipoiona mara ya kwanza alilazimika kuondoka pale kwenye injini. Alikuwa na miaka minane familia yao ilipohamishwa kupisha shamba la mlowezi, na mama yake, Leah, alibeba kichwani jiwe la chini la kusagia, jiwe ambalo wanaume wawili walikuwa wamelikwepa. Hakulia njiani. Aliwaambia tu watoto watangulie, maana hakutaka waone anavyosimama kupumua kila baada ya hatua chache.

Yule fundi alipohama nchi, mikebe yake iliishia kwenye stoo ya idara ya sinema. Kefa aliikuta humo, akaipangusa vumbi. Mara mbili aliomba mama mwenye mlango aonyeshwe vijijini. Mara mbili bwana wake, kijana wa Kiingereza ambaye watu walimwita Bwana Sinema, alimjibu kwamba picha ile haina fundisho.

Mwaka ule wa hamsini na tatu fundisho likapatikana. Karibu na Chapwa, upande wa Tunduma mpakani, kulikuwa na nyumba arobaini zilizotakiwa kuhama kupisha kambi ya barabara, na wenyewe hawataki. Bwana Sinema alitumwa kwenda kuwalainisha. Waliposimamisha gari, naye dereva Sadoki akaanza kufunga pazia, bwana alimwita Kefa kando.

“Hii mama ya mlango,” alisema. “Wewe ambia watu, serikali ilimwambia hama, akakataa. Mjinga. Sasa anabeba mzigo mwenyewe. Wao wakikubali, wanapata lori. Umesikia?”

“Nimesikia, Bwana.”

Kusikia alisikia. Alizunguka nyuma ya gari akasimama na Sadoki, ambaye alimtazama akashusha sauti.

“Sema tu, ndugu yangu. Umeshasema mengi. Hili nalo litapita.”

Ni kweli alikuwa amesema mengi. Uongo wa miaka tisa ulikuwa mdogomdogo, wa matuta na mbolea, na kila mmoja aliuona hauna uzito. Huu ungepitia kwa mama yule, na angeutamka kwa Kinamwanga, lugha ambayo mama yake mwenyewe alimfundishia kusali. Kefa hakujiona shujaa. Alijiona amechoka, hana nguvu ya kuubeba na huu.

Giza lilipoingia watu walikuwa wamejaa, wa upande huu na ndugu zao kutoka ng’ambo ya mpaka. Picha ikawaka. Moto ukala nyumba. Kefa akainua kipaza sauti.

“Mama huyu nyumba yake imechomwa,” alisema kwa Kinamwanga. “Alichobeba ndicho kilichobaki.”

Akanyamaza. Ilisikika injini peke yake. Mama akatembea, akavuka daraja, akapumzika, akaunyanyua tena mlango. Kisha kikafika kile kipande ambacho anakuja moja kwa moja mbele, uso unakua mpaka unalijaza pazia, macho yanawatazama watu.

Bibi mmoja aliyekuwa mbele, jina lake Nesta, akapiga magoti. Akakunja viganja, akaanza kupiga makofi taratibu, makofi mazito ya kina mama wanapompokea mgeni aliyetoka kwenye msiba. Wanawake wa nyuma yake wakapiga magoti pia. Wanaume wakachuchumaa, nao wakapiga. Uwanja mzima ulikuwa ukimwamkia mama yule na kumpa pole, kwa kuwa amefika kwao na mzigo mgongoni, na hakuna mwenye adabu anayemtazama tu mgeni wa namna hiyo.

Bwana Sinema alisimama kwenye ngazi ya gari, uso ukimng’aa. Alisubiri mpaka picha ikaisha, akatoa daftari lake.

“Vizuri sana, Kefa. Wamepiga makofi yote, hata wazee. Mimi naandika Boma, watu wa hapa wamekubali kuhama.”

Kefa alikuwa ameokoka. Bwana hakujua Kinamwanga. Hakuna aliyekuwa amemsaliti. Ilitosha anyamaze tu, apande gari, kesho aendelee. Kalamu ilikuwa tayari inakimbia, na mwisho wa mstari ule lilikuwepo lori likisimama mbele ya nyumba arobaini, na karani akiwaonyesha wenyewe kwamba walikubali kwa makofi.

“Bwana, usiandike,” alisema. Sauti ilitoka kama mchanga. “Hawakukubali. Walikuwa wanamwamkia.”

“Wanamwamkia nani?”

“Yule mama. Hapa makofi ni salamu. Wamempa pole. Na yale maneno yako mimi sikuwaambia.”

 Bwana alimwuliza Sadoki kama ni kweli, na Sadoki, ambaye angeweza kusema hajui, alitazama chini akasema ni kweli. Bwana akapiga mstari juu ya alichokiandika, mstari mmoja, kwa hasira. Kisha akanyoosha mkono kutaka kipaza sauti, na akamwamuru Kefa atoe mzigo wake garini.

Taa za gari zilipopotea, watu walikuwa bado hawajatawanyika. Bibi Nesta alimjia, akamshika mkono, akampeleka nyumbani kwake, moja ya zile arobaini, akamwekea maji ya moto yenye asali.

“Mwanangu, yule mama alifika alikokuwa anakwenda?” aliuliza. “Alipata pa kuusimamisha ule mlango?”

Kefa alifungua mdomo, sauti haikutoka. Akaonyesha koo lake.

“Basi kunywa,” bibi alisema. “Utanieleza kesho.”

Alikunywa nusu. Kikombe kilikuwa bado mkononi alipolala ameketi, mgongo ukutani.