Niliondoka Ili Niitwe

Chekeni mapema mmalize, maana aibu hii nilijiletea kwa miguu yangu mwenyewe, tena mbele ya wakwe.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba ndiyo kwanza imemwagika Morogoro mjini, nami nina meza yangu sokoni, najiona bingwa wa bei (mtaji wangu suruali chache na mdomo mkubwa). Nikampenda Skolastika, binti wa Kiluguru kutoka huko juu milimani, nikampenda mpaka nikawa napunguzia wateja bila kuombwa. Siku ya kupanga mahari, desturi inamtaka muoaji abaki nyumbani, mshenga akaseme. Lakini mshenga wangu, baba mdogo, ni mpole mno, nikaona watamnyoa bila maji. Nikajifanya mchukuzi, nikajitwika furushi la blanketi la mjomba wa binti na vitenge vya mama mkwe, nikapanda mlima na baba mdogo na wenzake.

"Kaa hapo mlangoni, funga mdomo," baba mdogo akanionya.

Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba wa Skola akataja mahari, baba mdogo akashukuru, akakohoa, akaomba wapunguziwe, wakaongea habari za mvua, mjomba akapunguza kidogo, wakarudi kwenye mvua, mara maharage, mimi mlangoni nawashwa mwili mzima. Biashara gani hii? Sokoni mteja anayejua kazi yake husema "basi, baki nayo," akageuka, na muuzaji lazima amwite. Si nikainuka!

"Baba mdogo, ghali! Twendeni zetu!" Furushi kichwani, huyo, nikatoka.

Nikatembea polepole (wasipate shida kuniita), masikio yote yako nyuma. Kimya. Nikapita migomba, kimya. Nikainama kufunga kamba za viatu (nimevaa kandambili), kimya. Nilipofika mtoni ndipo akili ikanirudia: nimeondoka na vitu vya ukweni, yaani nimevunja posa, na Skola wangu yuko kule juu anasikia kila kitu. Nilitaka kulia. Nikaupanda ule mlima mbio, furushi linanipiga kisogoni.

Nikakuta ua umejaa majirani, baba mdogo ameinamisha kichwa, ameshakiri kuwa mchukuzi ndiye muoaji mwenyewe, muuza mitumba.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia mjomba peke yake. "Hivi huko sokoni kwenu, mteja akiondoka asiitwe, kisha akarudi mwenyewe anahema, mnamfanyaje?"

Nikatazama kandambili zangu. "Tunampandishia bei, mjomba."

Ua mzima ukaangua kicheko. Bei ikarudi palepale ilipoanzia, juu yake mbuzi wa faini, nami nikasema "nimekubali" kabla mjomba hajamaliza kumtaja huyo mbuzi, baba mdogo akashika kichwa.

Baada ya harusi ndipo nikaambiwa kwamba mjomba alikuwa ameshafungua mdomo aniite, ila sauti ikatoka jikoni, sauti ya Skola: "Mwacheni. Huyo hafiki mbali." Na mpaka leo nikijitia ujuaji mbele za watu huniuliza taratibu, "Umeshafika mtoni?"

Mimi nimekoma. Nikikitaka kitu kwa moyo, sinyanyuki hata makalio yafe ganzi.