Mluzi wa Mwanamuke Juu ya Gruu

Siku ya kwanza nilipanda ngazi ya gruu miguu peku, maana viatu vya kazi vyote vilikuwa vya wanaume. Gruu ni ile mashini ndefu ya kutoa mizigo ndani ya meli. Vita ilikuwa imeshika mji. Dereva wa gruu alivuka kwenda Uvira, ngambo ya Kongo, hakurudi. Mi nilikuwa napaka grisi kamba zake za chuma, na yeye alikuwa amenifundisha kuiendesha wakati kazi imelala. Basi Chefu wa Bandari, mzee mufupi wa kukohoa (Mungu amurehemu, alipenda ndagala, vile visamaki vya ziwa, kuliko mushahara), akaniita.

"Mama Riziki, unga uko mu meli, watu wanaulizia. Panda. Ukishindwa leo unarudi ku grisi, na mwanamuke mwingine asiniombe tena."

Kule juu, watoto wangu, ni dunia ingine. Ziwa lilikuwa jeupe kama maziwa, milima ya Kongo inaelea, nyumba za Kiriri kama mutu alizisahau mulimani. Hata mlio wa risasi za mbali ulifika laini, kama mutu anatwanga sombe, majani ya muhogo.

Lakini kazi ina sheria. Mufunga mizigo akimaliza kutia kulabu, anapiga mluzi kwa midomo. Dereva anajibu kwa mluzi, ndipo yule wa chini anatoa mikono. Sasa kwetu mwanamuke hapigi mluzi. Ni kizira, mwiko wa tangu bibi zetu. Mi nikapunga mukono.

Salumu, mufunga mizigo wa mutaa wa Buyenzi, akafikiri namusalimia. Akanipungia na yeye, mukono mwingine bado uko ku kamba. Nikavuta. Akapanda pamoja na unga, kandambili ikaanguka.

"Mama wee! Mi si gunia!"

Nikamushusha pole pole. Wanaume wakacheka, kisha wakaacha kucheka, wakarudi nyuma wote. Chefu akaja chini ya ngazi.

"Piga mluzi, ao shuka!"

"Chefu, mi nina wakwe!"

"Wakwe wako hawali unga?"

Salumu akarudi peke yake, akashika kulabu, akapiga mluzi wake. Nikakaza midomo. Ukatoka upepo mutupu. Nikarudia, ukatoka mwembamba, ukaenda zake juu ya maji. Wanawake wa kupepeta kahawa pale bandarini wakasimamisha nyungo.

Salumu akatoa mikono. Unga ukapanda.

Nilikaa ndani ya ile kabini mpaka vita ikaisha, mpaka pansheni. Sasa niko ku mutaa wa Carama, nalima lengalenga, mboga ya majani. Watu wanakuja kuuliza habari ya mwanamuke wa kwanza wa gruu, kama vile siku ile ngoma zilipigwa. Apana. Nikilala narudi tu pale mluzi umeshatoka na Salumu bado hajatoa mikono. Ziwa limenyamaza. Ananiangalia, na mi sijui bado kama anayemuona ni dereva.