Dragoni za Bethany Gap

Saa tatu asubuhi, Verlyn Gooden amepiga magoti kwenye shamba la viazi vikuu, panga mkononi. Mahakama nzima imesimama nyuma yake: hakimu mwenye buti za mvua, mpima ardhi na utepe wake, na majirani wawili ambao hawajasalimiana miaka minne.

"Mis Verlyn, chimba taratibu, usije ukaihamisha Jamaika," anasema Egbert Pinnock, mdai, mwenye umri wa miaka sabini.

"Tulia hapo, Mas Egbert. Nikihamisha kitu nitaanza na wewe."

Verlyn, miaka 63, ni kibarua wa wapima ardhi. Kwa miaka thelathini na mmoja amefyeka mipaka na kutoa ushahidi kortini, kwa ujira ambao leo ni dola elfu tano za hapa kwa siku.

Huku Bethany Gap, milimani, wazee hawakujenga kuta za mpaka. Walipanda dragoni, mmea wa majani mekundu usiokubali kufa. Egbert anadai safu ya dragoni iliyo nyuma ya nyumba ya jirani yake, Ivorine Salmon, ndiyo mpaka. Hakimu akikubali, jiko lililo ng'ambo ya safu hiyo, ambamo Ivorine huoka mikate ya muhogo, litavunjwa.

"Mikate yenyewe anainunua kila Jumamosi," Ivorine analalamika. "Anamtuma mkewe!"

Verlyn anafuata mizizi. Hatua nne, kona. Hatua mbili, kona tena. Halafu nyingine.

Anavua kofia. "Mheshimiwa, mpaka hauzunguki ukarudi ulikoanzia. Hili ni kaburi."

Kweli, makaburi nayo huzungushiwa dragoni. Chini ya udongo ulioporomoshwa na kimbunga cha zamani, jiwe linajitokeza: Adina Salmon, Mkunga.

"Bibi!" Ivorine anapiga kelele. "Tumekutafuta miaka yote!"

Egbert amekodoa macho. "Nana Adina? Si ndiye aliyenipokea nilipozaliwa?"

"Na wewe ukamshtaki," Ivorine anamjibu.

Hakimu anacheka mpaka anaegemea mti. Mpima anaifuata hati ya zamani na kukuta visiki vya dragoni hatua ishirini bondeni. Mpaka ndio huo. Jiko limepona, na mchana Egbert anakula humo, mkate wa pili mkononi.

Verlyn mwenyewe hana hatimiliki ya ardhi aliyoachiwa na mama yake. Lakini maombi yake ya hati yameshakubaliwa, na Novemba bikoni, zile nguzo fupi za mpaka, zitawekwa.

"Mpakani nitapanda dragoni," anasema akifuta panga. "Ila kaburini kwangu wapande pilipili. Sitaki kuitwa kortini nikiwa nimeshalala."