Seva ya Chunyu

Kama umewahi kuolewa Nachingwea, au kumzika mtu wako, au kumpokea mtoto akitoka jandoni katika miaka ishirini hii, basi kuna uwezekano mkubwa umo ndani ya duka la Amna Sadiki, pale nyuma ya stendi. Umo humo ukicheza, umo humo ukilia. Aliyeanza ni baba yake, mzee Sadiki wa Lionja, mkulima wa korosho aliyechukua pesa ya msimu mzima akanunua kamera ya video, ndugu zake wakasema huyu kachanganyikiwa. Acha waseme. Akapiga harusi za Lionja na za mjini, akapiga maziko, akapiga jando siku ya kutoka tu, maana ya ndani hayapigwi picha, na kila alichokipiga akakitunza. Alipofariki, Amna akarithi kamera, duka na kanda zote za video. Kanda akazihamishia kwenye diski ndogondogo za kubeba mkononi, moja baada ya nyingine, mpaka zikajaa rafu nzima, na kanda zenyewe zikaota ukungu, zikaharibika.

Sasa diski hizo zilikuwa zinakufa. Na diski, nakwambia, haina adabu ya kuugua kwanza. Leo inafunguka vizuri, kesho inagonga tik, tik, tik, keshokutwa iko kimya na watu wote waliokuwa ndani yake wameondoka. Katika mwaka mmoja zilikufa mbili. Watu walikuja kuomba picha za wazazi wao, Amna akawaambia warudi wiki ijayo, wakirudi anawaambia wiki ijayo tena, kwa sababu hakuwa na mdomo wa kusema ukweli. Wakati mwingine aliikodolea ile rafu macho kama mgonjwa wake aliye mahututi.

Dawa aliijua. Dawa ni seva, mashine ya kazi nzito kama zile za benki, yenye diski kumi na mbili kifuani. Ukiipanga vizuri, kila kitu inakiandika mara mbili kwenye diski tofauti. Moja ikifa unaichomoa, unachomeka nyingine, na hakuna harusi iliyopotea. Seva mpya hata kuiota hakuiota. Alitaka iliyotumika, na mtu wa kumwuzia alikuwa Gwakisa, Mnyakyusa mmoja mwenye duka Kariakoo, ambaye walikuwa wanaongea kwenye simu kwa miaka miwili bila kuonana.

Gwakisa ndiye aliyemfungua macho. Alimweleza kwamba makampuni makubwa huko nje hayasubiri seva iharibike. Ikifika miaka mitano hivi yanazing'oa zote, maelfu kwa maelfu, nzima kabisa, yanaweka mpya. Zile za zamani zinamwagika Dubai kwa mpigo, na zikimwagika bei inaanguka mpaka unaona huruma. Mzigo ukikauka, au dola ikipanda, bei inainuka tena. Amna alisikiliza huku ameshika shavu. Kumbe mtu asiyemjua, katika nchi asiyoweza kuionyesha kwenye ramani, akiamua Jumatatu kubadilisha mashine zake, yeye Amna huku nyuma ya stendi ya Nachingwea anapata nafuu. Jambo hilo lilimshangaza hata akashindwa kula vizuri siku hiyo.

Basi akawa anaifuatilia bei. Ilikuwa milioni tatu, ikawa mbili na nusu, ikawa milioni moja na laki sita. Mkononi alikuwa na milioni moja na nusu, na Gwakisa akasema leta hiyohiyo. Hapo ndipo malezi yalipomponza. Mtoto wa mkulima wa korosho amekuzwa akisikia kwamba mnada wa kwanza huuzi, unakataa, unakaa kimya, wanunuzi watarudi wakiwa wapole. Amna akamwambia Gwakisa atasubiri kidogo, ishuke mpaka milioni.

Haikushuka. Wenye mashine za akili bandia, hizi zinazojibu watu maswali, walikuwa na njaa ya memori, vijiti vya kukumbukia vinavyokaa ndani ya kila seva, njaa ambayo dunia haijawahi kuiona. Walizinunua viwandani kabla hazijatengenezwa, kama wale wanaonunua korosho zikiwa bado maua juu ya mti. Viwanda vikaacha kutengeneza memori za aina ya zamani ili viwahi hizo mpya, na waliokosa mpya wakazigeukia zilizotumika. Miezi michache tu, seva ileile, na vumbi lake lilelile, ikawa milioni nne na ushee. Gwakisa alimpigia mwenyewe kumpa pole. Amna akashukuru, akakata simu, akakaa chini sakafuni.

Alikuwa katika hali hiyo aliposikia habari za Chunyu, huko Ruangwa. Kampuni moja ya kutafuta madini ilifunga kambi yake na kuwaachia wanakijiji mabaki: vitanda, mahema, jenereta, na mashine moja ndefu nzito ambayo hakuna aliyejua ni ya nini. Wakulima waliamua chama chao cha msingi cha ushirika kiuze kila kitu kwa mnada. Akapanda Noah ya abiria mpaka Ruangwa mjini, akachukua pikipiki, akaingia ghala la chama akiwa mwekundu kwa vumbi.

Mashine ilikuwa imelazwa juu ya mzani wa korosho. Amna aliijua kabla hajaifikia. Ilikuwa seva.

Akaomba kuijaribu, na hakuna aliyemshangaa, kwa sababu hata korosho mnunuzi huzikata akaangalia kiini kabla ya kutaja bei. Alipoiwasha, feni zake zilinguruma zote kwa pamoja, ghala likatetemeka, kina mama wakarudi nyuma, na mzee mmoja akavua kofia. Kisha ikatulia, ikapumua taratibu, taa kumi na mbili za kijani zikawaka mstari mmoja. Amna akaizima, akafungua kifuniko. Ndani, vimejipanga kama meno, vilikuwa vijiti ishirini na vinne vya memori. Akavihesabu mara mbili, akafunga haraka, akatazama pembeni.

Mbona alifunga haraka? Alifunga kwa sababu alishajua kwamba vijiti vile peke yake, kwa bei ya sasa, vinazidi pesa yake yote, na hakutaka uso wake useme.

Siku hizi korosho zinauzwa kwa mtandao, lakini Chunyu walikuwa bado wanalo sanduku lao la zamani lenye kufuli, na kwa mali isiyojulikana waliona bora warudi kwenye wanachokijua. Unaandika bei yako, unafunga bahasha, unatumbukiza. Mwenyekiti wa chama, bwana Mikidadi, anafungua mbele ya wanachama, anasoma kwa sauti, na wenye mali ndio wanaokubali au kukataa. Vitanda vikauzwa, jenereta likauzwa. Kwa ile mashine zilikutwa bahasha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Rahimu, mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Ruangwa mjini, aliyepiga kwa kilo: shilingi elfu thelathini na tano. Ya pili ilikuwa ya Amna: laki saba.

Watu wakanong'ona kwa furaha. Mwenyekiti alikuwa ameshafungua mdomo kuuliza kama wanakubali, pale aliposimama bibi mmoja mwembamba, Bi Zaina, mjane mwenye shamba la mikorosho na ufuta. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, alikipitisha polepole katikati ya Kimwera. Alisema ameuza korosho tangu ujana wake, na katika sanduku hajawahi kuona bei moja inaizidi nyingine mara ishirini. Mnunuzi akizidi kidogo, anaitaka mali. Akizidi hivi, anajua kitu. Kisha akamgeukia Amna.

"Mwanangu, wewe unajua nini ambacho sisi hatujui?"

Ghala zima likamtazama. Amna angeweza kusema chochote. Angesema anapenda mashine za zamani, angesema ni ya kuchezea watoto, na ndani ya nusu saa angekuwa njiani kurudi Nachingwea na dawa ya wagonjwa wake wote. Uongo ulikuwa tayari ulimini. Lakini aliona haya. Alimwona yule bibi amesimama na kitenge chake kilichopauka, anauliza kwa heshima, na akamkumbuka mama yake mwenyewe akipunjwa kwenye mizani.

"Bibi, imebeba mali kuliko pesa niliyonayo," akasema. "Nilitaka kunyamaza. Naomba mnisamehe."

Akawaeleza yote: makampuni yanayong'oa mashine zao, Dubai, dola, viwanda, wenye akili bandia na njaa yao. Alidhani atawachosha. Lo, ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyebaki mdomo wazi. Watu ambao asubuhi ile hawakujua seva ni nini walikuwa wanamkatisha kwa maswali ya wachuuzi wa kimataifa. Mmoja akauliza kama viwanda vikirudi kutengeneza aina ya zamani bei itaanguka. Mwingine akauliza kama huyo mnunuzi mkubwa ni mmoja au wengi, maana akiwa mmoja akishiba mmekwisha. Mambo yaliyomchukua Amna miaka miwili kuyaelewa, Chunyu waliyamaliza kabla chai haijapoa. Bei inayopangwa na mtu wa mbali usiyemwona ndiyo waliyoishi nayo tangu kuzaliwa.

Ili wasidhani anatunga, alimpigia Gwakisa, akaweka sauti kubwa. Gwakisa akauliza aina ya vijiti, akapiga hesabu, akasema kila kimoja laki mbili na nusu, pesa anatuma siku anayovipokea. Kitu cha kujaa kwenye bakuli la uji kilikuwa kinawazidi ng'ombe wote wa kijiji.

Mwenyekiti akauliza wanachama. Bei ya laki saba wanakubali? Wakajibu kwa sauti moja, tumekataa. Amna akainamisha kichwa. Alilitarajia, lakini kulitarajia jambo hakupunguzi uchungu wake. Akaanza kukusanya bisibisi zake huku machozi yanamlenga. Nyuma yake vijana walikuwa wameshaanza kubishana, kwamba visiuzwe hata kwa Gwakisa, vifungiwe ghalani, mwezi ujao vitakuwa laki tano. Bi Zaina akawakemea kwa Kimwera, na wakanyamaza wote. Mwenyekiti akamtafsiria Amna: amewakumbusha mwaka waliokataa mnada mara tatu, korosho zikanyeshewa ghalani, wakauza kwa machozi.

Kisha bibi akamfuata Amna, akagonga kile kifuniko kwa kucha.

"Hivyo vijiti vinatoka?"

"Vinatoka, bibi."

"Na ukivitoa, hiki kilichobaki kinafanya kazi yako?"

Amna akasimama na bisibisi mkononi. Kazi yake ilikuwa ya kutunza, ilihitaji diski. Memori, vijiti viwili vilimtosha kabisa. Kwa miaka miwili alikuwa ameitazama seva kama kitu kimoja chenye bei moja, kama alivyoisikia kwa Gwakisa kwenye simu, na wala wazo la kuigawa halikumpitia.

Bi Zaina akawageukia wenzake kama anayewashangaa. Akasema korosho hatuuzi zote kwenye gunia moja. Tunachambua. Daraja la kwanza linakwenda kwa mwenye bei ya daraja la kwanza, na la pili lina mtu wake. Vijiti ishirini na viwili viende Dar. Mwili wake, na diski zake, na vijiti viwili, apewe huyu kwa bei aliyoiandika, kwa sababu asingesema ukweli tungelia.

Mwenyekiti akauliza tena. Safari hii walijibu tumekubali, na sauti ile Amna anasema hajaisahau mpaka leo.

Kazi ya kuhamisha ilimchukua wiki tatu. Alikuwa anaifikia diski anayoihofia, anashika pumzi, anaona namba zinapanda, watu wa Lionja na Nanganga na mjini wanavuka mmoja mmoja. Iliyovuka ya mwisho ilikuwa inagonga tayari. Siku ya pili yake mlango wa duka ulifunguliwa na Bi Zaina, amekuja na basi, ana kimfuko cha ufuta mkononi. Amna akampigia magoti kumwamkia. Bibi akaitikia, akaitazama mashine kwa muda, akasema ana shida ndogo. Mzee Sadiki ndiye aliyepiga harusi ya binti yake, na mumewe marehemu alicheza siku ile. Yeye hana hata picha moja ya mumewe. Alitaka amwone anavyocheza.

Amna akatafuta. Jina la binti, jina la kijiji, mwaka. Akatafuta tena kwenye daftari la baba yake, akakuta pembeni alipoandika mwenyewe namba ya diski: ni moja ya zile mbili zilizokufa. Safari hii hakumwambia mtu arudi wiki ijayo.

"Bibi, ilikufa mwezi wa nne. Pesa ya kuiokoa nilikuwa nayo. Nilikuwa nasubiri bei ishuke."

Bi Zaina alitazama zile taa za kijani, akahesabu moja moja kwa midomo mpaka kumi na mbili. Kisha akavuta stuli, akakaa, akajifunga kitenge upya kichwani.

"Basi washa kamera," akasema. "Mimi nilikuwepo."

Akasimulia kwa Kimwera, saa nzima na dakika kumi: kanzu aliyoivaa mumewe, nani aliyepiga ngoma, jinsi marehemu alivyoteleza akacheka mwenyewe kabla hawajamcheka. Mahali pengine aliinuka akaonyesha hatua kwa miguu yake. Amna hakuthubutu hata kusogeza kiti. Alipomaliza, Amna akaihifadhi, akasubiri mpaka ikaandikwa mara zote mbili, kisha akafunga duka akamsindikiza stendi.