Bango la filamu ya kukataza pombe lililotundikwa kilabuni kwa bibi yangu

Wakuu, salaam kwenu. Hii si chai ya kutunga, ni mambo ya nyumbani kwetu kabisa, na nayaandika kwa sababu kichwa changu hakijakaa sawa hadi leo. Mwenye haraka aruke akasome uzi mwingine.

Mimi ni mama wa makamo, nauza vitenge Iringa mjini. Kwetu ni Mafinga, kule kwenye mbao na baridi.

Bibi mzaa baba alikuwa na kilabu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi. Ukutani alitundika picha kubwa kwenye fremu ya kioo: mzungu mwenye masharubu amelalia meza, glasi mkononi, chupa pembeni. Maandishi hakuna.

Wateja walimwita Mgeni.

Ukiingia unamsalimia kwanza, "Kamwene Mgeni!", halafu unamwaga tone la ulanzi chini ya picha kabla hujagusa lako. Usipofanya hivyo utachekwa mpaka ujute. Sakafu ya pale chini ilikuwa imechimbika kwa kumwagiwa.

Najua kuna watakaokuja na mambo ya mizimu hapa. Hapana, yalikuwa masihara ya walevi yaliyozoeleka mpaka yakawa sheria.

Sasa baba yangu alikuwa anakaa chini ya picha hiyo. Jua likianza kushuka, mama ananiita ananipa koti la baba. "Mpelekee baba yako koti, baridi imeingia."

Hatukuwahi kusema "kamwite". Ukimwita mwanaume mbele ya wenzake umemwaibisha, hatoki ng'o. Koti halina ugomvi. Akiliona anajua limekuja kufanya nini. Kuna siku alivaa tukarudi wote, ila mara nyingi alilitundika kwenye msumari akaniambia, "Tangulia, nakuja."

Alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Pombe hiyo hiyo. Na hatuna picha yake hata moja.

Miaka ikaenda, bibi naye akatangulia, kilabu kikabaki kwa mama. Mama ameokoka, ulanzi hataki hata kuunusa. Amekifunga na anataka pawe chumba cha maombi. Juzi juzi akanipigia simu: "Jumamosi watumishi wanakuja kuiombea nyumba. Lile lidude la pombe nalichoma mbele yao."

Wakuu, hoja ya kumpinga sina. Picha ya mlevi, kwenye kilabu kilichommaliza mume wake, aiache kwa lipi? Lakini mimi nikifumba macho nimkumbuke baba, namwona na Mgeni juu ya kichwa chake. Ikichomwa ile nabaki na nini? Nikajibu "sawa mama", nikakata simu, nikalia dukani kama mtoto.

Katikati ya wiki hiyo nikaenda Mbeya kuchukua mzigo. Huwa nachukua kwa mzee mmoja wa Kiislamu, Mzee Abeid, asili yao ni pwani. Nipo kwenye kaunta nasubiri vitenge vifungwe, nainua macho, namwona Mgeni!

Ni yeye kabisa. Masharubu yale, glasi ile. Yupo kwenye upepeo wa kadibodi, ule wa kushika mkononi, umepigiliwa ukutani nyuma ya mzee.

"Shikamoo mzee, samahani, huyu mlevi wa nyumbani kwetu amefikaje hapa?"

Mzee alicheka mpaka akatoa miwani.

"Marahaba binti yangu. Huyo ni wa filamu. Baba yangu alikuwa anaonyesha sinema hapa mjini, na tangazo la sinema ndilo hilo. Ukinunua tiketi unapewa upepeo."

"Mbeya na baridi hii, nani anajipepea?"

"Ndiyo maana zilibaki!"

Akanieleza kwamba wazungu wapinga pombe waliandika hadithi ya kitabu kuwatisha walevi, kitabu kikatengenezewa filamu. Baba yake alikuwa anaizungusha mpaka makambi ya mbao huko kwetu, na mabango anayaacha.

Yaani Mgeni aliletwa kutukataza pombe. Na sisi tukamwekea ulanzi.

Nikauomba ule upepeo niuangalie vizuri. Picha yetu ilikuwa nusu. Hii ilishuka zaidi, na chini, mbele ya meza, amesimama mtoto wa kike anamtazama Mgeni. Mkononi amebeba koti.

Mzee Abeid aliniuliza kama naumwa.

Mimi nikamuuliza, baba wa huyu mtoto alirudi nyumbani?

"Inategemea umeona ipi. Waliicheza mara mbili. Ya kwanza bubu, ya pili ina sauti. Moja anarudi, nyingine harudi. Nilikuwa mdogo, zimeshanichanganyikia. Na tangazo walitumia hilo hilo."

Jumamosi nimefika Mafinga, watumishi wapo uani, moto unawaka. Mama ameshaishusha ile picha. Nikamwambia, "Mama, naomba nifungue nyuma kwanza."

"Unatafuta nini humo?"

Sikujua natafuta nini. Nikang'oa misumari, nikatoa ubao wa nyuma. Karatasi ilikuwa imekunjwa. Nikaikunjua taratibu, mtoto akatokea, na maandishi yake ya kukataza pombe chini ya miguu.

Nani aliikunja? Labda fundi wa fremu, kioo kilikuwa kifupi akafanya ufundi wake. Labda bibi mwenyewe. Bibi alikuwa mfanyabiashara, mtoto wa kufuata baba kilabuni angemtundika ili wateja wakimbie? Kila nikiwaza hili nazunguka palepale.

Mama aliinama akaangalia muda mrefu.

"Huyu mtoto kabeba nini?"

"Koti, mama."

Huko nje wanaimba. Nikamweleza ya Mzee Abeid, ya kitabu na sinema, ila ya kuchezwa mara mbili nikaimeza. Akapitisha kidole juu ya lile koti.

"Alirudi?"

Wakuu, ningesema nini?

"Alirudi, mama."

Akatoka nje akaitupa fremu motoni. Karatasi akairudisha ndani, akaibandika ukutani yote, ikiwa imekunjuliwa. Wanasali humo sasa hivi, na Mgeni yupo.

Nilichojifunza ni kidogo tu: kitu cha nyumbani kwenu usikichome kabla hujakifungua nyuma. Mengine yote bado yananichanganya. Sijui hata nimkasirikie nani, bibi, fundi, au mzungu wa watu.

Karibuni mchangie. Kama kuna mtu humu babu yake aliwahi kuiona sinema hiyo, aseme ni ipi iliyofika makambi ya Mafinga. Kama ni ile anayorudi, andika hapa kwa herufi kubwa, nimsomee mama.

Kama ni ile nyingine, mkuu, pita kimya kimya.