Kifua cha Mama Ndani ya Eda

Baba alifariki miaka michache baada ya Mapinduzi, na Mama akakaa eda katika nyumba yetu ya Mji Mkongwe, ghorofani, ambako maji ilibidi yapandishwe kwa ndoo kutoka chini. Kila akipanda, kifua kilimbana. Akikaa kidogo juu ya ngazi, kinaachia. Mwenyewe alisema ni kiungulia cha muhogo, akawa anatafuna tangawizi. Wanawake waliokuja kumpa pole walisema ni majonzi, yatapungua. Mimi niliwakasirikia wote. Kiungulia gani hicho kinachomsubiri mtu apande ngazi?

"Mama, twende hospitali."

"Mwenye eda hatoki nje, mwanangu. Nkimaliza ntakwenda."

Ndoo nilimnyang'anya, lakini kumtoa nje sikuthubutu. Aliyeisimamia eda ile ni shangazi yangu, dada wa marehemu, mwanamke mkali ambaye hata paka wa nyumba walimkimbia.

Asubuhi moja Mama alikuwa anakunja mkeka tu. Akashika kifua, jasho likamtoka, maumivu yakamteremka mkono wa kushoto. Nikajiweka tayari kugombana na shangazi. Sikupata nafasi.

"Wifi, inuka tukuvishe," alisema shangazi.

"Watu watasema..."

"Nani kakwambia eda inamkataza mgonjwa kutibiwa? Waache waseme!"

Daktari alimuuliza mambo ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyauliza: kinabana ukifanya nini? Kinaachia ukipumzika? Akatueleza kuwa kifua huuma kwa mengi: tumbo, mapafu, misuli, hata huzuni. Lakini kinachobana kwa kazi na kuachia kwa kupumzika, mara nyingi ni moyo usiopata damu ya kutosha. Akampa vidonge vya kuweka chini ya ulimi.

"Kikibana nawe umekaa, au kidonge kisisaidie, msingoje. Njooni hapo hapo."

Alilazwa siku chache, akarudi chumbani kuendelea na eda yake. Nilifurahi mpaka nikalia. Eda ilikuwa haijaisha aliponiita tena, sauti imemkauka.

"Nipe buibui langu. Nshaweka kidonge, hakijasaidia. Usimngoje shangazi yako."

Tulikwenda, na safari hii pia alirudi. Miaka michache baadaye alinioza kwa mkono wake, akacheza harusini mpaka shangazi akamwamuru akae.