Taa ya Kutabaruku

Katekista wetu aliposoma kwamba Yesu alikuwa hekaluni kwenye sikukuu ya Kutabaruku, nilidhani askofu alikuwa amekuja kubariki kanisa jipya. Katekista alicheka.

"Hapana, kijana. Ni sikukuu ya taa, Wayahudi wanaiita Hanuka. Hekalu lilikuwa limenajisiwa. Walipolisafisha, waliwasha taa kwa mafuta ya siku moja tu, ingawa yalihitajika ya siku nane; hawakusubiri yatoshe. Na Yesu alitembea humo, huku watu wakiokota mawe wampige."

Jioni ile mvua ilikuwa haijakatika tangu asubuhi, na taa yetu ya sola haikupata jua. Bibi alikuwa anapumua kwa shida. Alikuwa ameomba jambo moja tu, asifie gizani. Baba alikwenda na pikipiki kumleta Padre ampake mafuta ya wagonjwa. Mngurumo wa mto uliofurika ulifika hadi ndani.

"Tuizime taa, chaji isiishe," Shangazi alisema. "Tutaiwasha Padre akifika."

"Shangazi, wale hawakusubiri yatoshe."

"Leo bubu wetu kapata mdomo! Wale nani?"

Nilimweleza nikibabaika. Bibi alifumbua macho akaitazama taa. Tukasikia pikipiki ya Baba ikishuka bondeni, kisha ikanyamaza ng'ambo ya mto. Baada ya hapo yalisikika maji tu.

Taa ilianza kufifia. Shangazi alinyoosha mkono kwenye swichi, akasita, kisha akaisogeza taa karibu na uso wa Bibi, akaanza Baba Yetu.